Korongoro ni Nani?

Mbwa wa pale ofisini hunibwekea mimi ninayemletea mifupa, na humtikisia mkia Kiprop ambaye hajawahi kumpa hata ganda la yai. Ninaanza na mbwa ili usije ukasema ninamwonea mtu. Wenzangu husema nina wivu na Kiprop, na wale wenye midomo mirefu huongeza kwamba ni wivu wa mapenzi. Wapi! Kiprop ana mke wake, nami nina mume wangu, na siku nitakapomtamani mwanamume anayekula mahindi ya kuchemsha juu ya kibodi, nipelekwe hospitali. Wangu ni wivu wa kazi. Ni kijicho kabisa, na sioni haya kukiita kwa jina lake.

Jina langu ni Marion Aloo. Mimi na Kiprop tunatunza mitambo ya kompyuta ya Ndama Bora, kampuni ndogo hapa Eldoret inayopandisha ng'ombe kwa mbegu za madume wa sifa. Wahudumu wetu huzunguka mashambani kwa pikipiki, kila mmoja na mtungi wake wa baridi wenye mbegu, na simu mfukoni. Mkulima akiona ng'ombe wake amepata joto, yaani yuko tayari kwa dume, anapiga simu, mhudumu anafika, anaingiza kwenye simu yake namba iliyo sikioni mwa ng'ombe. Hapo seva yetu humjibu: huyu ni fulani, mama yake fulani, baba yake dume fulani. Jibu hilo la baba ndilo roho ya kazi. Bila hilo, mhudumu anaweza kumpa mtamba mbegu ya babake mwenyewe, na ndama akazaliwa dhaifu, miguu haimbebi.

Kiprop alizaliwa Chepsaita, huko upande wa Turbo, siku ya mvua, ndiyo maana akaitwa hivyo: Kiprop ni mtoto wa kiume aliyekuja na mvua. Baba yake ana mahindi na ng'ombe wa kutosha, mama yake alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Alikua akikamua kabla ya kwenda shule, na hadi leo akiingia ofisini na gambuti zenye matope hakuna anayemuuliza. Tulisoma darasa moja chuoni, kule Chepkoilel. Nilimshinda kwa alama kila muhula. Yeye alinishinda kwa watu. Wapishi wa kantini walimwongezea nyama, na siku aliposahau kuleta kazi yake, mhadhiri alimuuliza kama mama yake hajambo. Mimi nilichelewa mara moja tu, nikaambiwa nibaki nje.

Na hapa kazini ni hivyo hivyo. Mkulima akipiga simu nikapokea mimi, hunisikiliza kidogo, kisha huuliza, "Kijana wetu yuko?" Kijana wao! Nami nimezaliwa hapa hapa, Langas, nikabatizwa hapa, meno yangu ya utotoni niliyarusha juu ya mabati ya Langas. Lakini mtu akilisikia jina langu tu, huanza.

"Madam, wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa. Langas."

"Hapana, nasema kwenu. Kwenu kabisa."

Kwetu kabisa ni kwa babu yangu, kando ya ziwa, ambako nimekwenda kwa matanga tu. Kiprop naye huniita msichana wa ziwa, kwa utani, na mimi hata kuogelea sijui. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema lolote kuhusu mtu anayecheza kwao halafu anaulizwa kwao ni wapi.

Basi kulikuwa na ufunguo. Chumba chetu cha seva hapo awali kilikuwa stoo ya chakula cha mifugo, na mpaka sasa kinanuka molasi. Mlango una kufuli kubwa, na ufunguo wake umefungwa kwa kamba nyekundu ya kiatu. Zamani alikuwa nao Kipyego, kijana aliyeijenga programu yetu yote. Alipopata kazi Kanada, aliurudisha kwa mkurugenzi wetu, Mama Virginia, naye akauvaa shingoni pamoja na rozari yake. Akatuambia mimi na Kiprop kwamba mmoja wetu ataupokea, na atakayeupokea ndiye atakuwa mkuu wa mitambo. Alitaka kwanza kuona. Kuona nini, hakusema. Tangu siku hiyo nikawa namsalimia Mama Virginia macho yangu yakiwa shingoni mwake. Niliutaka ule ufunguo kuliko nilivyowahi kutaka gauni lolote dirishani. Nilijua kama ni kwa kazi, ni wangu. Nilijua pia kwamba Kiprop ana nyota, na nyota haiulizi nani alikesha akisoma.

Sasa Kipyego naye alikuwa na vituko vyake. Programu kama yetu huweka kumbukumbu katika majedwali: jedwali la ng'ombe, la madume, la wakulima, na mengine. Kila kazi inapokua, majedwali hubadilishwa kidogo, safu inaongezwa hapa, nyingine inaondolewa pale. Mafundi wengine huyapa mabadiliko hayo namba. Kipyego aliyapa majina ya marika. Kwa Wakalenjin, yaani Wanandi, Wakeiyo na ndugu zao, wanaume waliopita jandoni kipindi kimoja huwa rika moja, na marika hayo yana majina yanayofuatana tangu enzi, moja baada ya jingine, hadi mduara urudi mwanzo. Basi badiliko lake la kwanza aliliita Maina, la pili Chumo, akaendelea hivyo mpaka la mwisho. Kila jedwali liliandikwa pembeni jina la badiliko la mwisho lililoligusa. Programu ikiamka, kabla haijafanya lolote, hupita ikiyauliza majedwali: wewe ni wa rika gani? Jina likiwa si lile inalolingojea, inagoma. Na ina haki ya kugoma, kwa sababu ikiandika kwenye jedwali ambalo haliko inavyodhani, itaharibu kumbukumbu kimya kimya na hakuna atakayejua mpaka baadaye.

Mimi majina hayo nilikuwa nimeyasikia maisha yangu yote, kama mtu anavyosikia nyimbo za kanisa la jirani. Yanafuatana vipi, sikujua. Kiprop aliyajua kama Baba Yetu. Yeye mwenyewe ni Kaplelach, baba yake ni Chumo, na ukimgusa tu atakuhesabia. Kipyego alipokuwa bado yupo, wawili hao walikuwa wakitaniana juu ya mabadiliko hayo mpaka wanashika mbavu, nami nimekaa pembeni kama mgeni asiyemjua bibi harusi wala bwana harusi. Roho iliniuma. Hata ndani ya kompyuta, nilifikiri, wamejijengea kwao.

Alasiri moja mvua ikashuka, ile ya radi na mawe kama ilivyo desturi yake huku, na radi ikaingia na umeme hadi kwenye seva. Seva ikatoa moshi kidogo, ikanyamaza. Kesho yake asubuhi Mama Virginia alitufungulia chumba, akauvaa tena ufunguo wake, akasema anakwenda mkutanoni mjini.

"Nikirudi nataka kukuta inafanya kazi," alituambia, na akatutazama mmoja baada ya mwingine.

Nikajua leo ndiyo siku ya kuonwa.

Hali haikuwa mbaya sana. Mashine mpya tulikuwa nayo, bado imevaa nailoni yake. Nakala ya kumbukumbu zote tulikuwa nayo, salama. Kilichobaki ni kuyajenga majedwali upya: kuweka msingi aliouacha Kipyego, kuyapitisha mabadiliko yake yote kwa mfuatano, kuiamsha programu, kisha kuimiminia kumbukumbu.

"Kaa wewe kwa keyboard," Kiprop akasema. "Vidole vyako ziko haraka. Mimi nitakutajia."

Angalia mambo hayo. Vidole viwe vyangu, kichwa kiwe chake. Nikakaa. Yeye akasimama nyuma yangu, hindi mkononi, akaanza kutaja kama padri anayeongoza litania.

"Maina."

Nikaandika Maina, nikabonyeza, likapita.

"Chumo."

Likapita.

"Sawe. Kipkoimet. Sasa Kaplelach, hapo salimia watu wangu. Kimnyige. Nyongi. Kwisha! Amsha huyo mtu."

Nikaiamsha. Kwenye kioo ukatokea mstari mmoja mwekundu: TOLEO LA JEDWALI HALILINGANI: NG'OMBE. Programu ikalala tena.

Kipyego, pamoja na akili zake zote, hakuwahi kuifundisha programu iseme inataka jina gani. Iligoma tu, kama mtoto aliyenuna. Nikalifungua jedwali la ng'ombe, nikaangalia pembeni. Pameandikwa Sawe.

"Sawe?" Kiprop akasema. "Haya, baada ya Sawe ni Kipkoimet. Rudia Kipkoimet."

Nikarudia. Jibu likaja kwamba Kipkoimet ilikwisha kupita, na kwamba haihusiani na ng'ombe.

"Labda inataka zote zifike Nyongi. Hebu andika Nyongi hapo kando."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono. Si ni jina tu?"

"Kiprop, hiyo ni kubandika lebo ya sukari kwa mkebe wa chumvi."

"Andika bana. Tunajaribu tu."

Nikaandika Nyongi. Ikagoma. Akaniambia niandike Kimnyige, ikagoma. Kaplelach, ikagoma, na hapo aliguna kama aliyetukaniwa nyumba. Tukarudi nyuma rika kwa rika hadi Maina, na programu ikayakataa yote. Sitakudanganya: kila ilipogoma, moyo wangu ulicheza chini chini. Kwa mara ya kwanza nilimwona Kiprop akipiga hodi mahali na asikaribishwe.

"Hii kitu imeharibika," alisema mwishowe. "Kipyego alituachia kitu imeharibika."

Wakati huo simu zilikuwa zimeanza. Ng'ombe aliyeonekana na joto jioni hupandishwa asubuhi inayofuata, kwa hiyo asubuhi ndiyo wakati wetu wa kazi nyingi. Wahudumu walikuwa mabomani, wameshika simu zisizojibu, na wote walimtaka Kiprop. Akatoka barazani kuwatuliza, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti yake ile ya kuuliza na habari za watoto. Mimi nikabaki na mashine.

Nikaifungua folda ya mabadiliko. Utauliza kwa nini hatukuifungua tangu mwanzo. Ni kwa sababu anayeijua njia hasomi kibao, na mimi niliyekuwa siijui nilikuwa nimekasirika mno kwa kutajiwa, nikawa naandika tu. Kompyuta ilikuwa imeyapanga majina kwa alfabeti, ikiyavuruga marika ya watu bila heshima. Nikaanza kuyalinganisha na yale niliyokwisha kuyaandika. Sikuwa na mfuatano wowote kichwani wa kunidanganya, kwa hiyo nilikwenda jina kwa jina. Chumo, ipo. Kaplelach, ipo. Kimnyige, ipo. Kipkoimet, ipo. Halafu nikakuta Korongoro.

Hilo Kiprop hakulitaja.

Nikalifungua. Ndani mlikuwa na mistari michache tu: jedwali la ng'ombe liongezewe safu ya baba, na pembeni paandikwe Korongoro. Basi. Safu ile ile ya baba, roho ya kazi, ndiyo iliyoachwa nje.

Sasa nisikilize vizuri. Sikumwita Kiprop. Niliitazama saa ya ukutani, nikahesabu kwamba Mama Virginia hayuko mbali. Nikaona mambo yote kana kwamba yameshatokea. Anaingia. Kiprop anajikuna kichwa na kusema programu imeharibika. Mimi nainuka polepole, nasema, "Niruhusu kidogo, Madam," nabonyeza mara moja, mstari mwekundu unaondoka, na ile kamba nyekundu inavuliwa shingoni kwake inaletwa kwangu. Mbwa mwenyewe angenyamaza. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Nikamimina chai kutoka kwenye chupa yangu, nikainywa bila haraka, na ilikuwa tamu.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Jebet, mhudumu wetu wa upande wa Kesses.

"Marion, Kiprop simu yake iko busy. Niko hapa kwa Mama Jepkemboi. Ng'ombe iko heat tangu jana jioni, na hii simu inazunguka tu, haileti kitu. Nimebaki na madume wawili kwa mtungi, Jemedari na Baraka. Nichukue gani?"

"Ngoja kidogo."

"Nimengoja mpaka nimechoka. Mama anasema joto inaisha, na hakumbuki baba ya hii ng'ombe. Aliinunua ikiwa ndama. Wacha niweke tu Jemedari, binti zake wako na maziwa mingi."

"Jebet, usiweke."

"Sasa si uniambie basi?"

Nyuma yake nikamsikia mama mwenyewe, sauti ya mtu mzima, akisema, "Mwambie huyo msichana niko na hii moja tu."

Nikatazama mlango. Nilitamani Mama Virginia aingie sasa hivi, dakika hiyo hiyo, na sijawahi kumtamani mtu aingie namna ile. Hakuingia. Nje Kiprop alikuwa akicheka na mtu kwenye simu. Chai ikanigeukia mdomoni. Nikamwambia Jebet asikate, nikafungua dirisha, nikapaza sauti kwa hasira zote nilizokuwa nazo.

"Kiprop! Korongoro ni nani?"

Akaingia akitabasamu, simu ingali sikioni.

"Korongoro? Hiyo umetoa wapi? Hiyo si yetu, bana. Sisi Wanandi hatuna Korongoro. Wazee wanasema ilipotea zamani. Hao ni Wakeiyo ndio wako nayo, hapo kati ya Sawe na Kip..."

Hindi likabaki hewani.

"Kipyego ni wa wapi?" nikamuuliza, na nilijua.

"Iten," akasema kwa sauti ndogo. "Ni Mkeiyo."

Hilo ndilo lililotupata. Mkeiyo aliyapanga mabadiliko kwa hesabu ya kwao, Mnandi akayasoma kwa moyo kwa hesabu ya kwao, na rika moja ambalo nyumba moja inalo na nyingine haina likadondoka katikati. Programu ilikuwa ikimngoja Korongoro mlangoni, na Kiprop angeweza kuitajia majina mpaka jua lizame asimtaje, kwa sababu kichwani mwake hakuwahi kuwapo.

Nikafanya kazi. Kwanza nililirudishia jedwali jina lake la kweli, Sawe, nikiyafuta yale tuliyoyabandika. Kisha nikafungua mabadiliko yote yaliyofuata, nione kama kuna lolote lililogusa ng'ombe ambalo Korongoro akichelewa kuingia atalikanyaga. Halikuwapo. Nikaandika Korongoro, nikabonyeza, likapita. Kiprop alisimama nyuma yangu na safari hii hakunitajia kitu. Nikaiamsha programu. Mstari ukatoka wa kijani. Nikaimiminia kumbukumbu, na sote wawili tukawa tunasikiliza feni ya mashine kama watu wanaosikiliza matokeo kwenye redio.

"Imeleta!" Jebet akapiga kelele kwenye simu. "Imeleta jina, imeleta mama, imeleta baba... Uuui, Marion."

"Nini?"

"Baba ni Jemedari."

Nilimsikia mama wa Kesses akiuliza kuna nini.

"Weka Baraka," nikasema.

"Naweka Baraka," Jebet akajibu, na akakata.

Mama Virginia aliingia muda si mrefu baadaye, mfuko wa mandazi mkononi, simu zote zikiwa zimenyamaza na kila kitu kikienda. Mimi nikangoja. Nilijua kitakachofuata. Kiprop angesema "tulipata shida kidogo tukairekebisha," na hiyo "tu" ingekuwa yake yote. Nilikuwa nimeshaiandaa hasira yangu, imeiva, inangoja kupakuliwa. Ingenitosha mwaka mzima.

"Madam," Kiprop akasema, "leo nusura niue kampuni yako."

Akasimulia yote. Hakuficha hata kidogo. Alisimama katikati ya chumba na gunzi la mahindi mkononi akaigiza vile alivyokuwa akinitajia kama padri, akaigiza vile alivyojaribu kubandika majina, akaiga hata mimi nikipaza sauti dirishani. "Marion ndiye ameona," alisema. "Mimi nilikuwa naimba tu. Marion ndiye amesoma." Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Murunga, bawabu wetu, alicheka hadi akaegemea ukuta.

"Kumbe Wanandi mlimpoteza Korongoro mpaka kwa computer!" Murunga akasema, na kicheko kikaanza upya.

Mama Virginia alijipangusa macho kwa leso.

"Nimefanya kazi na watu wengi," alisema. "Mtu akikosea anaficha. Huyu amekosea, na hakuna aliyemuuliza, na amesema mbele ya kila mtu." Akaingiza mkono kwenye kola ya gauni lake, akaivua kamba nyekundu. "Mtu kama huyu ndiye wa kuachiwa mlango."

Akampa.

Kisha akanigeukia mimi, kwa upendo kabisa, siwezi kusema hapana. "Na wewe Marion, asante sana, mama. Umefanya kazi nzuri. Chukua andazi, bado iko moto."

Nikachukua andazi. Ningesema nini? Kwamba kusema ukweli juu ya kazi yangu kumempa yeye ufunguo? Mimi sikukosea, na asiyekosea hana cha kuigiza mbele ya watu. Laiti angedanganya! Angedanganya ningemchukia kwa haki, na usingizi ungekuja. Lakini alinitaja kwa jina mara mbili, akanipigia makofi yeye wa kwanza, na kwa makofi hayo akaondoka na kila kitu, hata hasira niliyokuwa nimejiwekea. Nilikula andazi lote. Lilikuwa zuri, na hilo pia liliniudhi.

Mwezi uliofuata wahudumu walitaka tuongeze mahali pa kuandika ng'ombe aliyezaa mapacha. Badiliko jipya, basi, na likahitaji jina. Baada ya Nyongi mduara hurudi kwa Maina, lakini Maina tulikuwa naye tayari, na programu ingesema amekwisha kupita. Nilimwambia Kiprop tuanze kutumia namba kama watu wengine duniani. Namba hazina kabila na haziruki mtu. Akasema atafikiria, kwa kuwa sasa yeye ndiye wa kufikiria.

Asubuhi ya kuliwasha badiliko lile jipya nilimkuta mlangoni, kamba nyekundu shingoni, anahangaika na kufuli. Tukaingia. Akaiamsha programu mwenyewe, kisha akajisogeza kando ili nione. Mstari wa kijani ukatoka: MAJEDWALI YOTE YANALINGANA. TOLEO: ALOO.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni rika mpya," Kiprop akasema. "Imeanza hapa. Sasa mtu akikuuliza wewe ni wa wapi, mlete aone screen."

Nilisimama pale, nimeshika mkoba wangu, na sikutaka anione nikilia, yeye hasa. Nikamwambia punje za mahindi yake zinaangukia kibodi.

Mpaka leo kila asubuhi seva huandika jina langu kabla ya kufanya jambo lolote. Mimi hufika mapema kuliko wote, kabla ya Murunga kufungua geti la pili. Mbwa hunibwekea, nami husimama nje ya stoo ile inayonuka molasi, mikono mfukoni, namngoja Kiprop aje anifungulie.